Bomba la mgongoni kwa kazi ya magugu: lipi la kununua na namna ya kulitunza

Mabomba ya kupulizia dawa yanayobebwa mgongoni na kupampiwa kwa mkono yamejaa katika maduka ya pembejeo ya Morogoro mjini, na kwa macho ya mnunuzi yote hufanana: tangi la plastiki, mpini ubavuni, mpira, fimbo, na nozeli mwishoni. Tathmini hii inahusu mabomba mawili ninayoyatumia katika shamba la mahindi na bustani ya nyanya wilayani Mvomero. La kwanza ni Solo 425, bomba la lita 15 la kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1948. La pili ni bomba la lita 16 la bei ya chini, ambalo silitaji jina kwa kuwa jina lenyewe hubadilika kila shehena mpya inapoingia ilhali bomba ni lile lile. Nimeyapima kwa kazi moja tu, yaani kuua magugu. Bomba linalosifiwa na mkulima wa nyanya kwa kupiga dawa ya ukungu linaweza kuwa bomba baya kabisa la magugu, na wauzaji wengi hawazitenganishi kazi hizo mbili.

Nianze na jinsi yanavyouzwa, kwa sababu hapo ndipo mnunuzi wa bomba la magugu hupotezwa. Muuzaji hutia maji kidogo tangini, hupampu kwa nguvu, hulegeza nozeli na kurusha mchirizi hadi kwenye bati la duka la jirani, kisha husema, "Mzee wangu, hili linafika mpaka kileleni mwa mwembe." Husema kweli, na mwenye miembe anayo haki ya kulifurahia jambo hilo. Magugu, hata hivyo, yako chini ya goti, na anayeyapulizia anahitaji kinyume cha onyesho lile: presha ndogo isiyopanda na kushuka, matone makubwa kiasi yanayoanguka pale yalipoelekezwa, na upana wa mpulizo ambao haubadiliki kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonekana katika mchirizi unaogonga bati.

Nozeli inayokuja na mabomba mengi ya bei ya chini ni ile ya koni, ambayo ukiikaza hutoa ukungu mwembamba wa mduara na ukiilegeza hutoa mchirizi mmoja. Koni ina kazi yake halali katika kupiga dawa za wadudu na za ukungu, kwa kuwa matone yake madogo huzunguka na kupenya katikati ya majani hadi kumfikia mdudu alikojificha. Kwa kiuagugu, sifa hiyo hiyo hugeuka hatari. Matone yaliyo madogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita hukawia kuanguka, na upepo mdogo tu huyabeba hadi kwa jirani. Na jirani akiwa na nyanya, na dawa yenyewe ikiwa ni 2,4-D inayotumika kuua magugu ya majani mapana katika mahindi, atauona mgeni huyo kwa majani yanayojikunja na kusokotana hata kama kilichomfikia ni kidogo mno. Isitoshe, koni inayokazwa na kulegezwa kwa mkono haina kipimo cha kudumu: kila mpuliziaji huifunga kwa kadiri apendavyo, hivyo kipimo cha dawa kilichofanya kazi jana si lazima kiwe cha leo.

Nozeli zinazofaa kwa magugu ni za aina mbili. Ipo ya feni, inayotoa mpulizo bapa kama upepeo uliofunguliwa, na ipo ya kugonga, ambayo maji hutoka katika tundu na kugonga kibao kidogo kilichoinama, kisha hutandaza mpulizo mpana kwa presha ndogo. Katika feni zenyewe mna tofauti ambayo wauzaji wachache huijua. Feni za kawaida za trekta hupunguza maji kwenye kingo, kwa sababu hufungwa nyingi katika fito moja na kila mpulizo hupandana na wa jirani yake. Ukiifunga moja peke yake katika fimbo ya bomba la mgongoni, katikati ya mstari hupata dawa nyingi na pembeni hupata kidogo. Kwa fimbo yenye nozeli moja itafutwe feni iliyotengenezwa kutoa kiasi sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Isipopatikana, ya kugonga inatosha, nayo ina faida ya tundu kubwa lisiloziba upesi kwa uchafu.

Nozeli nyingi nzuri hutengenezwa kwa rangi zinazofuata kiwango cha ISO 10625, na mtu akiijua lugha ya rangi hizo hahitaji kubahatisha. Ya njano hupitisha lita 0.8 kwa dakika kwenye presha ya bari 3, ya bluu lita 1.2, na nyekundu lita 1.6. Kwa magugu hatupulizii kwa bari 3. Bari 1 hadi 1.5 hutosha, na kwenye bari 1.5 ile nyekundu hutoa kama lita 1.1 kwa dakika. Inafaa kukumbuka kwamba presha na kiasi cha maji haviongezeki sambamba: kuongeza maji mara mbili kwa kupampu tu kunadai presha mara nne, na kinachoongezeka mapema zaidi ni ukungu unaopeperuka. Anayetaka maji mengi abadilishe nozeli na auachie mkono wake mwendo ule ule wa kupampu.

Katika jambo hili mabomba yangu yote mawili yalihitaji kusaidiwa. Niliyafungia nozeli ya kugonga kila moja, na bomba la bei ya chini, kwa nozeli mpya ambayo gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya bomba, lilipiga hatua kubwa kuliko lingine. Kabla ya kununua nozeli, mtu achukue kofia ya kufungia nozeli kutoka katika bomba lake na kwenda nayo dukani, kwa kuwa nyuzi za kofia hazifanani kati ya bomba na bomba, na nozeli isiyokaa sawasawa huvuja ikadondoshea dawa kwenye buti. Kwa anayeweza kuipata, ipo pia vali ndogo ya kudhibiti presha inayofungwa kati ya fimbo na nozeli: presha ikipungua chini ya kiwango chake hufunga, ikizidi huibana, kwa hiyo mpulizo hubaki mmoja hata mkono ukichoka. Kwa maoni yangu, vali hiyo ikifungwa kwenye bomba la kawaida huleta manufaa makubwa kuliko kuhamia bomba la bei ya juu lisilokuwa nayo.

Pampu ndiyo inayotofautisha bei. Solo 425 ina pampu ya pistoni, na ndugu yake Solo 475, yenye tangi la lita 15 vilevile, ina pampu ya kiwambo, yaani ngozi ya mpira inayovutwa na kusukumwa badala ya pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda. Pistoni hutoa presha ya juu zaidi na hutengenezeka kwa urahisi, maana kinachochakaa ni oringi (pete za mpira zinazozuia kuvuja) na mpira wa pistoni, vitu vidogo vinavyobadilishwa kwa mkono. Udhaifu wake ni mchanga. Dawa za unga unaochanganywa na maji, pamoja na maji ya mtoni yenye tope, hufanya kazi ya msasa ndani ya silinda, na baada ya muda mpini hupigwa mara nyingi pasipo presha kupanda. Kiwambo huvumilia unga na tope vizuri zaidi, na kwa kuwa magugu hayahitaji presha ya juu, upungufu wake katika jambo hilo haumsumbui mtu wa magugu. Kwa hiyo anayepiga kiuagugu cha unga kiitwacho atrazini katika mahindi kila msimu, na ambaye maji yake ni ya mfereji, ningemshauri achukue la kiwambo. Mwenye maji safi anayetumia zaidi dawa za majimaji, la pistoni litamtosha, na litamfaa pia kwa kazi nyingine za shambani.

Bomba langu la bei ya chini nalo ni la pistoni, na pampu yake hupandisha presha bila shida. Tofauti hujitokeza katika chemba ya presha, ile sehemu inayohifadhi msukumo ili maji yatoke mfululizo kati ya pigo moja la mpini na lingine. Chemba ikiwa ndogo, mpulizo huhema: hupanuka mpini unaposhuka na husinyaa unapopanda, na shambani matokeo huonekana wiki chache baadaye kama mawimbi ya majani yaliyokufa na yaliyobaki. Mnunuzi anaweza kulipima jambo hili pale pale dukani bila kurusha maji kwenye bati la mtu. Ajaze maji robo ya tangi, apampu kwa mwendo wa kawaida, apulizie kwenye sakafu kavu ya saruji huku akitembea, kisha atazame alama iliyobaki. Ukingo ulionyooka ni dalili njema. Ukingo wa mawimbi ni sababu ya kuomba bomba lingine.

Wakati huo huo atazame mambo mengine madogo ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Mfuniko uwe na tundu la kuingizia hewa lenye vali, kwani tundu lililo wazi humwagia dawa shingoni kila mtu anapoinama. Mdomo wa tangi uwe mpana wa kutosha kumimina kutoka ndoo bila kumwaga, na chujio lake liwe la kina, linalokaa imara. Alama za lita zisomeke kutoka nje. Mikanda iwe mipana na yenye sponji, na kulabu zake ziwe za aina ambayo mtu anaweza kuifungua kwa mkono mmoja, kwa sababu bomba likianza kuvuja mgongoni linapaswa kutoka mwilini haraka. Lita 16 za maji ni kilo 16, ukiongeza uzito wa bomba lenyewe unafika karibu kilo 20. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unaelekeza kwamba bomba la mgongoni likijaa lisizidi kilo 25, na mimi ningesema kwamba la lita 20 aachiwe kijana mwenye shamba tambarare. Katika Solo mpini unaweza kuhamishwa upande wa kulia au wa kushoto, jambo ambalo mwenye kutumia mkono wa kushoto hatalichukulia kuwa dogo, wala wale wanaopokezana bomba moja nyumbani.

Kuhusu vipuri sina maneno mengi: kabla ya kulipa, muulize muuzaji akuonyeshe oringi, mpira wa pistoni au kiwambo, na kifyatuo cha bomba hilo hilo, vikiwa mkononi mwake. Akisema vitakuja, bomba hilo ni la msimu mmoja, na bei yake ihesabiwe hivyo. Sura ya mabomba yenye majina makubwa imeigwa mno, na vipuri vya mwigo haviingii katika bomba halisi wala vya bomba halisi haviingii katika mwigo.

Yapo pia mabomba madogo ya lita 5 hadi 8 yanayojazwa hewa kwanza kisha kuning'inizwa begani. Kwa njia za uani na kandokando ya ukuta yanafaa, lakini presha yake hushuka kadiri maji yanavyopungua, hivyo kwa shamba lenye kipimo cha ekari hayanifai. Ya betri hupunguza uchovu wa mkono na hutoa mpulizo usiohema. Anayefikiria kuyanunua ajiulize kwanza atachaji wapi, na betri ikichoka ataipata wapi.

Bomba likishanunuliwa, halipaswi kutiwa dawa kabla halijapimwa pamoja na mtu atakayelibeba. Wengi wetu tumezoea kupima kiuagugu kwa kifuniko cha chupa, vifuniko viwili au vitatu kwa bomba, pasipo kujua bomba moja linafunika eneo gani. Namna iliyo sahihi haimalizi hata nusu saa. Pima eneo la mita 10 kwa mita 10, tia maji matupu hadi alama mojawapo ya tangi, pulizia eneo lote kwa mwendo na presha utakayotumia siku ya kazi, kisha ujaze tena hadi alama ile ile kwa chombo chenye vipimo. Tuseme zimetumika lita 2. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000, yaani mara 40 ya eneo hilo, hivyo ekari itahitaji lita 80, ambazo ni mabomba matano ya lita 16. Kama lebo ya dawa inasema lita 3 kwa hekta, hiyo ni kama lita 1.2 kwa ekari, na kila bomba la lita 16 litatiwa mililita 240. Bomba la lita 15 litatiwa mililita 225. Akibadilika mpuliziaji, au nozeli, kipimo kirudiwe, kwa kuwa kijana mwenye hatua ndefu anaweza kumaliza eneo lile lile kwa maji pungufu sana kuliko mzee wake.

Mwendo mzuri ni kama mita moja kwa sekunde, nozeli ikiwa takriban nusu mita juu ya magugu, fimbo ikiwa imetulia. Hapa napenda kusisitiza jambo moja linalopuuzwa: kupunga fimbo kulia na kushoto, kama anayefagia uwanja, huharibu kazi ya bomba lolote lile, hata la bei kubwa. Mwisho wa kila mpungo fimbo hugeuka, na pale inapogeuka ardhi hupata dawa mara mbili ilhali pembetatu zinazobaki kati ya mpungo na mpungo hazipati kitu. Nozeli ya kugonga ina upana wa kutosha kiasi kwamba hakuna haja ya kupunga. Katikati ya mistari ya mahindi yaliyokwisha kuota, au chini ya migomba na kahawa, nozeli ifunikwe kwa kinga ya plastiki ya umbo la kengele inayozuia glaifosati, kiuagugu kinachoua mazao na magugu bila kubagua, isiguse majani ya zao. Kinga hiyo huuzwa peke yake, na ni miongoni mwa vifaa vichache vya nyongeza ambavyo ningemshauri mtu atoe fedha.

Maji nayo ni sehemu ya matunzo ya bomba, ingawa hayahesabiwi hivyo. Glaifosati hushikamana kwa nguvu na chembe za udongo, na ndiyo maana ikifika ardhini haiui mbegu zinazoota baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo, ikichanganywa na maji ya tope, sehemu yake hushikwa na tope ndani ya tangi kabla haijaligusa jani. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi za kalsiamu na magnesiamu huipunguza makali pia. Mtu akiona ndago zimenyauka juu kisha zikachipua tena, hulaumu dawa kuwa ni feki, na huenda ikawa kweli, lakini kabla ya kurudi dukani aangalie maji yake, vumbi lililofunika majani, na kama mvua haikunyesha ndani ya saa chache baada ya kupulizia. Tope hilo hilo ndilo linaloziba chujio la fimbo na kula pistoni, hivyo kuchuja maji kwa kitambaa safi kabla hayajaingia tangini hulinda dawa na bomba kwa pamoja. Tangi lijazwe maji nusu kwanza, dawa ifuate, kisha maji yaliyobaki. Dawa ya unga ikorogwe kwanza katika ndoo hadi iwe uji mwepesi, na njiani mpuliziaji alitikise bomba mara kwa mara, maana unga huzama.

Usafishaji ndio unaoamua kama bomba litadumu, na kwa bomba la magugu ndio unaoamua pia kama litakuwa salama kwa mazao. Dawa isilale tangini. Kazi ikiisha, bomba lisuuzwe mara tatu kwa maji kidogo kidogo, na kila mara maji hayo yapampiwe yatoke kupitia mpira, fimbo na nozeli, kwa kuwa dawa nyingi inayobaki haiko tangini bali katika mpira na chemba ya presha. Maji ya suuzo yapuliziwe katika eneo lile lile lililokwisha kupigwa dawa, mbali na mfereji, kisima na mahali mifugo inaponywea. Baada ya suuzo la kwanza mimi hutia sabuni ya unga kidogo katika suuzo la pili, huacha kwa muda, kisha humalizia kwa maji matupu.

2,4-D inadai zaidi ya hapo, kwa sababu hujificha katika mipira na plastiki ikatoka polepole katika dawa ya siku nyingine. Baada ya kusuuza, tangi hujazwa maji yenye amonia ya nyumbani kwa kiasi cha asilimia 1, yaani mililita 160 kwa lita 16, sehemu yake hupampiwa hadi ijae katika mpira na fimbo, na yote huachwa usiku kucha kabla ya kusuuzwa upya. Amonia hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo nyumbani huitwa jiki, kwani zikikutana hutoa hewa yenye sumu. Pamoja na uangalifu wote huo, ushauri wangu kwa mwenye bustani ya nyanya, pilipili au pamba ni kuwa na mabomba mawili: la magugu lipakwe mkanda wa rangi nyekundu tangini na kwenye mfuniko, lisitumike kwa dawa ya wadudu hata siku ya dharura. Hapa ndipo bomba la bei ya chini linapopata nafasi yake ya heshima, na nyumbani kwangu ndilo lililopewa kazi ya 2,4-D peke yake.

Nozeli husafishwa kwa maji na mswaki laini. Waya, pini na mwiba hupanua tundu, na nozeli iliyopanuka hutoa dawa nyingi na mpulizo uliopinda bila mtu kutambua. Kupuliza kwa mdomo ni kujilisha sumu. Kiuagugu kama parakwati hakina kiuasumu, na kiasi kidogo kikimezwa huweza kuua. Mara moja kwa msimu nozeli ipimwe kwa kukinga maji yake katika chombo chenye vipimo kwa dakika moja: ikitoa zaidi ya asilimia 10 kuliko ilivyokuwa mpya, itupwe.

Oringi na mpira wa pistoni hupakwa girisi ya silikoni, kidogo tu, kila zinapofunguliwa. Wapo wanaotumia oili chafu ya gari. Aina nyingi za mpira hufura na kulainika kwa mafuta ya madini, na bomba lililokuwa likivuja tone moja huanza kuvuja mchirizi. Presha itolewe yote kabla ya kulihifadhi, kifyatuo kisiachwe kimebanwa, tangi ligeuzwe mdomo chini likiwa wazi, na liwekwe kivulini, maana jua la mwaka mzima huifanya plastiki kuwa kavu na kupasuka kuanzia kwenye pembe za chini. Mahali hapo pasiwe jikoni wala stoo ya chakula. Kwa wenye mabomba ya zamani ya bati lililopakwa zinki, glaifosati isitiwe humo kabisa: hushambulia metali hiyo na kutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kuwaka.

Uamuzi wangu basi ni huu. Kwa mwenye ekari moja au mbili anayepulizia magugu mara chache kwa msimu, bomba la lita 16 la bei ya chini, likifungwa nozeli ya kugonga na kununuliwa pamoja na seti ya oringi siku ile ile, linatosha, na sioni sababu ya kumwongezea gharama. Kwa anayepulizia kwa malipo, kutoka shamba hadi shamba masika na vuli, Solo 425 inastahili bei yake kwa sababu ya mpulizo uliotulia na mpini unaohamishika. Na kama kazi zake nyingi ni za unga, achukue 475. Wote wawili wanunue dawa iliyosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, wavae buti, glavu na suruali ndefu inayofunika buti kwa nje, na watembee upepo ukiwapiga ubavuni, wasiingie katika majani waliyokwisha kuyalowesha.

Tangi likipasuka, lisizibwe kwa plastiki ya kuyeyusha wala gundi, kwani ufa hufunguka upya pale pale presha na uzito vinapokutana, mara nyingi mgongoni mwa mtu. Pampu, fimbo na mikanda vitolewe vibaki kuwa akiba ya vipuri, kisha tangi likatwe vipande, ili asitokee mtu wa kulichotea maji.